Kabla Hujanunua Kompyuta Ndogo ya Mezani: Kwa Asiyeona Anayefanya Kazi ya Sauti

"Kompyuta yenyewe iko wapi?" aliuliza rafiki yangu, na wakati huo kiganja chake kilikuwa tayari kiko juu yake. Tulikuwa Kariakoo, Dar es Salaam, ndani ya duka la mashine zilizotumika, na yeye alidhani anapapasa kisanduku cha intaneti. Muuzaji akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo kaka, umeishika." Boksi la sentimita 18 kwa 18, unene wa vidole viwili. Rafiki yangu haoni tangu utotoni. Anahariri vipindi vya redio, anarekodi kwaya na kaswida nyumbani kwake, na alikuwa amechoshwa na kompyuta mpakato ambayo feni yake ilikuwa inasikika kwenye kila rekodi kama mtu anayepuliza chai.

Vikompyuta vya namna hii vinapatikana kwa sura tatu. Kuna vilivyotoka maofisini Ulaya na Marekani baada ya miaka michache ya kazi: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk na ProDesk Mini. Kuna visanduku vipya vya bei nafuu kutoka China, vingi vikiwa na prosesa ya Intel N100 iliyotoka mwaka 2023. Na kuna Mac mini ya Apple, iliyo sokoni tangu 2005. Intel nao walikuwa na yao iliyoitwa NUC. Mwaka 2023 waliacha kuitengeneza wakaikabidhi kwa ASUS, ila bado utaikuta madukani.

Nitoe hukumu mapema: zinafaa. Kwa asiyeona anayerekodi mahali pamoja, zinaishinda kompyuta mpakato ya bei ile ile. Lakini zina mitego ambayo mnunuzi mwenye macho hata haioni kuwa ni mitego, kwa sababu yeye mashine ikinyamaza anatazama skrini kujua kuna nini. Asiyeona, sauti ndiyo kazi yake na sauti ndiyo skrini yake. Ikikatika, vimeondoka vyote viwili kwa mpigo.

Sauti mbili zinataka njia mbili

Hili ndilo jambo kubwa kuliko prosesa, kuliko RAM, kuliko jina la mashine.

Chukua mfano wa kazi yenyewe. Umefungua programu ya kurekodi, maiki iko mbele ya mwimbaji, na programu ya kusoma skrini inakunong'oneza kwamba njia ya pili iko tayari kurekodi. Sauti hiyo ya kisoma skrini ikipita kwenye spika, maiki itaidaka. Ikipita kwenye kadi moja na muziki, huwezi kuipunguza bila kuugusa muziki. Na kuna la tatu, baya zaidi. Kwenye Windows programu za kurekodi hutumia aina ya draiva inayoitwa ASIO ili sauti isichelewe, na baadhi ya draiva hizo huishika kadi ya sauti peke yao. ASIO4ALL, ile ya bure inayopendwa na mafundi wetu, inajulikana kwa tabia hiyo. Unaianzisha, kadi inashikwa, kisoma skrini kinanyamaza papo hapo. Mtu anadhani kompyuta imekufa, anaizima kwa kubonyeza swichi, na kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Dawa yake ni rahisi, na vikompyuta hivi vina kila kinachohitajika. Tundu la hedifoni la mashine yenyewe liwe la kisoma skrini. Muziki na maiki vipite kwenye kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwa USB, yenye draiva yake ya ASIO kutoka kwa watengenezaji wake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kisoma skrini chako, hapa NVDA, chagua kwa jina kifaa cha kutolea sauti, usiiache ifuate chaguo la Windows. Maana Windows hupenda kuhamia kwenye kifaa kipya kila unapochomeka kitu.

Masikio ni mawili tu, sasa utasikilizaje matundu mawili? Wengine hununua kimiksa kidogo cha bei rahisi na kuzikutanisha sauti zote mbili kwenye hedifoni, bila ile ya NVDA kufika kwenye rekodi. Rafiki yangu hana kimiksa. Anavaa kidude cha simu, kile cha waya, sikio la kushoto tu, halafu juu yake anavaa hedifoni kubwa za studio. NVDA inasema ndani, kwaya inaimba nje. Mara ya kwanza nilipomwona nilicheka. Ana miaka anafanya kazi hivyo na hajawahi kunirudishia rekodi yenye sauti ya roboti ndani yake.

Usimpe asiyeona hedifoni za Bluetooth kwa kazi hii. Sauti inachelewa, silabi ya kwanza humezwa, na mashine ikiwaka upya bila kuunganishwa nazo hakuna wa kumwambia nini kimetokea. Hata kwa waya, baadhi ya kadi hujizima zikikaa kimya sekunde chache na kula mwanzo wa neno. Matoleo ya karibuni ya NVDA yana mpangilio wa kuiweka kadi macho baada ya kila tamko.

Kingine ni HDMI. Ukichomeka skrini au televisheni, Windows inaweza kuamua kwamba sauti yote ipite huko. Kama skrini haina spika, kimya. Nimeshuhudia fundi akibadilisha kadi ya sauti nzima ilhali tatizo lilikuwa ni kebo ya HDMI tu.

Duka hupimwa kwa sikio

Nenda dukani na vitu viwili: hedifoni zako za waya na flashi yenye nakala ya NVDA ya kubebeka. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akajiunga naye James Teh, wote wawili wasioona, na moja ya mambo mazuri waliyoyaweka ni uwezo wa kutengeneza nakala inayotembea kwenye flashi bila kusakinishwa kwenye mashine. Unachomeka, unafungua, inasema.

Ndivyo tulivyofanya. Muuzaji aliwasha mashine, nikafungua flashi, rafiki yangu akavuta kibodi karibu. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, ukafunguka ukurasa wa maelezo ya mashine, akashuka taratibu kwa mshale. Muuzaji alikuwa ametuambia RAM ni GB 16. NVDA ikasoma 8. Rafiki yangu akarudi juu, akasoma tena, halafu akamvulia muuzaji hedifoni moja amsikilizishe. "Aa, samahani kaka, nimechanganya na hiyo ya pembeni." Ikaletwa ya pembeni, nayo ikapimwa vile vile.

Jina la prosesa lisikilize mpaka mwisho. Intel Core i5-8500T, kwa mfano: tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni kizazi, na T ya mwisho ina maana ni ya umeme mdogo, wati 35, ndiyo inayowekwa kwenye viboksi hivi. Tafuta kizazi cha 8 kwenda juu. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kizazi cha 7 kurudi nyuma. Kwa Lenovo hiyo ina maana M720q na si M710q. Kwa HP, G4 na kuendelea. Kwa Dell, 3060, 5060 au 7060. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 ndizo zilizojaa madukani kwa sasa, na bei yake inavutia kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha iache iwake dakika 20 huku ikicheza video, uweke sikio karibu na feni. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine, usikie Windows ikilia kila mara. Uliza kama ina spika ndani. Mashine nyingi za ofisi zina kispika kidogo cha kuridhisha, visanduku vingi vya bei nafuu havina kabisa; na kispika hicho ndicho kitakachokuokoa siku hedifoni zitakapokufa.

Betri ya ukubwa wa sarafu

Miezi michache baadaye rafiki yangu alinipigia. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, na asubuhi mashine ikawa haisemi. Feni anaisikia. Kibodi imechomekwa. Amebonyeza Windows, Ctrl na Enter kuita Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows: kimya. Amebadilisha hedifoni: kimya. Alikuwa na hakika kadi ya sauti imeungua.

Nilipofika nikachomeka skrini. Kulikuwa na maandishi meupe mistari miwili: saa ya mashine imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza. Baada ya muda NVDA ikamsalimu.

Ndani ya vikompyuta hivi vya ofisi kuna betri ndogo kama sarafu, aina ya CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya msingi umeme usipokuwepo. Kwenye mashine iliyokaa ghalani miaka kadhaa, betri hiyo mara nyingi imekwisha. Umeme ukikatika mashine inasahau saa, na ikiwaka inasimama kumuuliza mtu swali kwa maandishi, kabla Windows haijaanza. Hapo hakuna kisoma skrini cha kumsaidia. NVDA, JAWS na Narrator ni visoma skrini vinavyoishi ndani ya Windows. Kwa mwenye macho ni usumbufu wa sekunde mbili. Kwa asiyeona ni mashine iliyokufa bila maelezo. Basi mashine iliyotumika ikifika nyumbani, jambo la kwanza badilisha betri hiyo, hata kama haijalalamika. Ni kitu cha bei ya soda chache.

Siku hiyo hiyo ukiwa na mwenye macho karibu, ingieni pamoja kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, iambieni ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Mashine za ofisi karibu zote zina chaguo hilo. Na kama huna mtu, simu inaweza kusaidia: Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayeangalia kupitia kamera ya simu. Elekeza kamera kwenye skrini, naye atakusomea yale maandishi meupe. Hii ina maana skrini moja ya bei rahisi iwepo nyumbani hata kama huitumii. Siku za kawaida unaweza kufanya kazi bila skrini kabisa, ila baadhi ya mashine zisipoona skrini hufungua madirisha kwa vipimo vya ajabu. Plagi bandia ya HDMI, kidude cha kuidanganya mashine kwamba skrini ipo, humaliza tatizo hilo.

Umeme

Kompyuta mpakato ina betri. Hii haina, na kwetu hilo si jambo dogo. Mwenye macho umeme ukikatika huona taa imezimika. Asiyeona aliyevaa hedifoni husikia kimya tu, kimya kile kile cha ASIO na kile kile cha HDMI, na huanza kubonyeza vitufe vya mashine ambayo imeshazimika. UPS ni lazima, iandike kwenye bajeti tangu mwanzo. Uzuri ni kwamba boksi lenye prosesa ya wati 35 na lisilo na skrini halili umeme mwingi, kwa hiyo hata UPS ndogo inatosha kumaliza kurekodi na kuhifadhi kazi.

Kuna kero moja tu: UPS hupiga mlio umeme ukikatika, na mlio huo utaingia kwenye maiki katikati ya kaswida. Nyingi zina njia ya kuuzima. Mimi nisingeuzima. Ndio unaomjulisha asiyeona kwamba umeme umekwenda. Iweke UPS mbali na maiki.

Nguvu kiasi gani?

Hapa watu hutumia fedha bure. Kurekodi sauti ya mtu hakuitaki mashine kubwa. Maiki moja kwa kiwango cha studio cha biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Maiki mbili kwa saa nzima ni GB moja na kidogo. Kwaya yenye maiki nane kwa saa tatu haifiki GB 13. Diski ya SSD ya GB 500 ni nyumba kubwa.

Kinachoibana prosesa ni bafa, yaani fungu la sampuli ambazo kompyuta inazipokea na kuzishughulikia kwa mkupuo mmoja. Bafa ya sampuli 512 ni takribani milisekunde 11. Ya 128 ni chini ya 3. Ndogo humfaa mpiga kinanda anayetaka sauti itoke pale pale anapogusa, lakini humpa prosesa muda mfupi wa kufanya kazi, na ikichelewa utasikia mikwaruzo. Kwa kuhariri vipindi na kurekodi waimbaji weka 256 au 512, na mwimbaji ajisikilize moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya sauti, bila kupita kwenye kompyuta. Kwa kazi hiyo hata N100 inatosha. Ukitaka ala za kompyuta, piano yenye sampuli nyingi na madoido juu ya kila njia, N100 itakuangusha. I5 ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 16 itakufikisha mbali. Mikwaruzo ikiendelea hata kwa bafa kubwa, mara nyingi mkosaji ni draiva ya Wi-Fi. Izime wakati wa kurekodi.

Kadi ya sauti nayo ipapase kabla ya kulipa. Kitufe cha kuzungusha chenye mwanzo na mwisho ni rafiki wa asiyeona: unajua umefika wapi kwa vidole. Vile vinavyozunguka bila kikomo, vikionyesha kiwango kwa taa za rangi, au vinavyotawaliwa kwa programu tu, waachie wenye macho. Ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB.

Kwa programu, wasioona wengi wanaofanya kazi ya sauti kwa Windows wako kwenye Reaper. Leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, na unaruhusiwa kuijaribu siku 60. Inapendwa kwa ajili ya kiongezi cha bure kiitwacho OSARA kinachoifanya imwambie msikilizaji kila kinachotokea: uko njia ipi, umekata wapi, kiwango cha sauti ni kipi. Aliyeianzisha OSARA ni James Teh, yule yule wa NVDA. Audacity ni ya bure na inatosha kwa mhariri wa kipindi cha mtu mmoja. Kwa Kiswahili, NVDA inakuja na eSpeak NG inayosoma lugha yetu. Sauti yake ni ya bati, lakini ni nyepesi na hujibu haraka, na mtu aliyezoea kusikiliza kwa kasi hupenda wepesi huo kuliko utamu.

Feni ikipiga kelele, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inachekesha, lakini ile asilimia moja huzima mbio za ziada za prosesa, na feni hutulia. Zaidi ya hapo, udogo wa boksi ndio dawa yenyewe: lifunge chini ya meza au nyuma ya kabati, kebo ya USB ya mita mbili, na maiki haitajua kama lipo. Usilifunike kwa kitambaa tu.

Na Mac mini? Kwa mwenye fedha ni rahisi kuliko zote. VoiceOver imo ndani, spika imo ndani, Command na F5 inaiita tangu dakika ya kwanza, hata kwenye hali ya matengenezo. Programu ya Logic Pro inasomeka. Feni yake ni vigumu kuisikia. Ile ya M4 iliyotoka mwishoni mwa 2024 ilianza na dola 599 Marekani, ikiwa na RAM ya GB 16. Lakini RAM haiongezeki baadaye, matundu ya zamani ya USB haina, hivyo kadi yako ya sauti itataka kebo nyingine, na swichi yake iko chini ya tumbo, kwenye pembe ya nyuma. Ikiharibika ukiwa Songea au Lamu, fundi wa kuifungua utamtafuta sana. Tiny ya Lenovo inafunguliwa kwa skrubu moja.

Rafiki yangu alichukua hiyo ya pembeni, akabandika tone la gundi kavu karibu na tundu la hedifoni ili vidole vilipate bila kutafuta. Iko chini ya meza yake mpaka leo. Kompyuta mpakato hakuiuza. Anaibeba akienda kurekodi harusini.